Wanafunzi Waseme

Mwalimu akimaliza somo huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Siku ya mtihani ndipo inapojulikana kwamba walioelewa walikuwa wachache. Kila mzazi analijua jambo hili, nasi leo twataka kulisema wazi: kuitikia si kujifunza.

Tutwae mfano wa Ilongero, Mkoa wa Singida. Mtoto wa huko huanza kusema kwa Kinyaturu nyumbani kwao. Akiingia shule ya msingi ya Serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyo tangu mwaka 1967. Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Aliyekuwa hodari wa kujibu huinamisha kichwa. Akili haikumpungukia, maneno ndiyo yaliyomwishia. Akijaribu akakosea, wenzake humcheka. Basi hunyamaza, na kimya hicho huwa desturi yake. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike katika sekondari, lakini shauri hilo halikutimizwa.

Hatusemi Kiingereza kiachwe. Twasema mtoto asizuiwe kufikiri eti kwa kuwa bado anakitafuta Kiingereza. Twajua pia kwamba walimu wana taabu zao: madarasa yamejaa, hasa tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mtaala hauna budi kumalizwa. Lakini yako mambo yasiyohitaji fedha.

Mwalimu wa baiolojia akifundisha habari za magonjwa, na aanze na mdondo wa kuku. Nani Ilongero asiyeujua? Aulize: kwa nini kuku wa nyumba hii walikufa, na wa jirani, waliotiwa tone la chanjo jichoni, wakasalimika? Kisha angoje. Awaache wanafunzi washauriane wawili wawili kwa Kiswahili, ndipo amwite mmoja; wala si yule anyoshaye mkono kila siku, bali msichana wa nyuma ambaye sauti yake haijasikika tangu Jumatatu. Akikosea, kosa lake liwe swali la darasa zima, lisiwe kichekesho. Baada ya hapo maneno ya Kiingereza yakiandikwa ubaoni yatakuwa na mahali pa kukaa.

Jambo hili si la walimu peke yao. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimpe kijana moyo wa kudadisi, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Imani hiyo haipatikani kwa kukariri. Kijana aliyezoezwa kuitikia darasani ndiye atakayeitikia kesho katika mkutano wa kijiji, hesabu za fedha za wananchi zikisomwa, hata kama hazijumliki.

Nasi wazazi na wanachama tujihukumu. Mtoto akiuliza nyumbani, mara ngapi tumemwambia anyamaze kwa kuwa wakubwa wanazungumza? Tukienda shuleni, tusiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Tuulize pia: je, anasema darasani?

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi watoto wetu na waulize, nasi tuwe tayari kujibu.