Utunzaji wa Programu Nao ni Sayansi

Katika mafundisho ya kompyuta, sifa nyingi hupewa yule atungaye programu mpya. Yule aitunzaye programu iliyokwisha kutungwa hatajwi, ingawa bila yeye hiyo mpya isingeweza kufanya kazi hata siku moja. Mfano ulio wazi wa jambo hili ni historia ya pip, programu ambayo kazi yake ni kuleta na kupanga vifurushi vya lugha ya kompyuta iitwayo Python.

Python ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Mwenye kuitumia halazimiki kuandika kila kitu upya. Mtu anayetaka kuchora grafu ya mvua za mwaka huchukua kifurushi cha kuchorea kilichokwisha kuandikwa na wengine. Kifurushi hicho nacho hutegemea kingine cha hesabu, na hicho huenda kikategemea cha tatu. Aidha, kila kifurushi kina matoleo mengi, na si kila toleo hupatana na jingine. Pip, iliyoanzishwa na Ian Bicking mwaka 2008, huufuata mnyororo huo wote na kuleta kila kinachohitajiwa.

Ugumu wa kazi hiyo huonekana kwa mfano mdogo. Ichukuliwe kwamba kifurushi cha grafu kinataka kifurushi cha hesabu, toleo la 2 au la baadaye. Na kifurushi cha takwimu kinataka hicho hicho cha hesabu, lakini toleo lililotangulia la 2. Katika mazingira mamoja ya Python, kila kifurushi huwa na toleo moja tu. Kwa hiyo hapana budi kutafuta matoleo mengine ya grafu au ya takwimu ambayo masharti yake yanapatana. Vifurushi 10 tu, kila kimoja kikiwa na matoleo 10, huleta michanganyiko 10,000,000,000. Wataalamu wamethibitisha kwamba swali hili ni miongoni mwa yale ambayo hapana njia ya haraka inayojulikana ya kuyajibu katika kila hali.

Kwa miaka mingi pip iliukwepa ugumu huo. Ilishika sharti la kwanza ililokutana nalo juu ya kifurushi fulani, na masharti yaliyofuata ikayapuuza. Hivyo, kubadili utaratibu wa maombi tu kuliweza kubadili matokeo. Ubaya zaidi ni kwamba kazi ilionekana kuwa imekamilika, na mtumiaji akaendelea na shughuli zake huku vifurushi vyake havipatani. Kasoro ilijitokeza baadaye, pengine katikati ya hesabu, mahali ambapo chanzo chake hakikuonekana tena.

Marekebisho yalitolewa katika toleo la 20.3, mwezi Novemba 2020. Tangu hapo, pip ikikuta mgongano hurudi nyuma na kujaribu toleo jingine, mpaka ipate mpango unaotimiza masharti yote. Mpango huo usipokuwapo, hukataa na kuonyesha masharti yanayogongana. Kazi hiyo haikuachiwa watu wa kujitolea peke yao. Python Software Foundation ilipata ruzuku ya zaidi ya dola 400,000 za Marekani kutoka Mozilla na Chan Zuckerberg Initiative, ili wataalamu walipwe kwa kuifanya.

Hata hivyo, si wote walioshukuru. Wengine waliona kwamba amri zilizokuwa zikipita sasa zilikataliwa, au zilichukua muda mrefu. Kuhusu muda, lawama hiyo ina haki, na watunzaji wameendelea kuishughulikia. Kuhusu kukataliwa, haina msingi. Kipimajoto kinachoonyesha nyuzi 37 kwa kila mgonjwa hakimsumbui mtu, lakini hakifai kuitwa kipimajoto. Chombo cha sayansi kinachokiri kwamba hakiwezi ni bora kuliko kile kinachodanganya kwamba kimeweza.

Wala jambo hili si la Python peke yake. Mwezi Machi 2016, katika hazina ya vifurushi vya lugha ya JavaScript iitwayo npm, mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake kilichoitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Hata hivyo maelfu ya programu zilizokitegemea, nyingine kwa kupitia vifurushi vya watu wengine, zilishindwa kuundwa hadi kiliporudishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe huenda ukawa mdogo kuliko ukurasa mmoja wa daftari.

Shule za sekondari zinaweza kuanza kuzoeza watu kazi hii. Badala ya kumtaka mwanafunzi aandike programu mpya kila muhula, mwalimu ampe iliyoandikwa na darasa la mwaka uliopita. Aitafute kasoro yake, aisahihishe, aandike matoleo ya vifurushi alivyotumia, na aeleze kwa nini alichagua hayo. Kisha apewe alama kwa kazi hiyo sawasawa na yule aliyetunga. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hataishia kujua kuandika programu. Atajua pia kuziacha katika hali ambayo mwingine anaweza kuzipokea.