Hukumu Isiyosikiliza

Mshairi anayejiheshimu halihukumu shairi kabla ya kulisikia hadi ubeti wa mwisho. Atahesabu mizani, atapima vina, atauliza maana, ndipo atakaposema kuwa ni zuri au ni bovu. Lakini adabu hiyo huachwa mlangoni mara vijana watajapo muziki wa kielektroniki, trapu au roki mbadala. Hapo wazee wenzangu, na walimu si haba, hukata shauri kwa neno moja tu: kelele. Mimi nadai kwamba neno hilo si hukumu. Ni uvivu uliovaa joho la utamaduni.

Wasemao hivyo hushika hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba muziki wa mashine hauna utu. Lakini hata zeze ni kijiti na kibuyu mpaka limpate fundi. Mwaka 1974 kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilitoa albamu iitwayo Autobahn, ambayo wimbo wake mkuu wa zaidi ya dakika 22 umejaza upande mzima wa santuri, ukisimulia safari ya gari katika barabara kuu. Asikilizaye kwa subira atatambua humo mwendo wa utenzi: hauna pupa, na kila picha huizaa nyingine.

Radiohead wa Uingereza nao walisifiwa sana mwaka 1997 kwa albamu ya OK Computer, iliyojaa magita. Mwaka 2000 walitoa Kid A, wakayaweka magita kando kwa sehemu kubwa na kuipitisha sauti ya mwimbaji katika mitambo. Mimi naipenda hii ya pili kuliko ile ya kwanza. Upweke wa mtu aliyezingirwa na mitambo umesemwa kwa mitambo yenyewe. Umbo na maana vimeoana. Je, si hilo tulidailo katika shairi?

Hoja ya pili ni kwamba muziki huo ni wa kigeni, basi ni kasumba. Hoja hii tumekwisha kuijaribu. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Mkoa wa Pwani, uliokuwa na Dar es Salaam ndani yake. Marufuku hayo hayakumfundisha kijana hata mmoja kupambanua wimbo mwema na mbaya. Tena, ugeni wa chombo haudumu. Mashine ya ngoma ya TR-808 iliundwa na kampuni ya Roland ya Japani kati ya mwaka 1980 na 1983. Haikupata soko kubwa, ikauzwa rahisi mikononi mwa watu, na vijana weusi wa Marekani wakaifanya ngoma yao. Kwetu nako, singeli ya Dar es Salaam hutengenezwa kwa kompyuta, na mkusanyo wake, Sounds of Sisso, ulitolewa Kampala mwaka 2017. Nani atathubutu kusema kwamba mwendo ule si wa Uswahilini?

Sisemi kwamba kila kitu kipokewe. Trapu ya Atlanta imechukua jina lake katika nyumba za kuuzia dawa za kulevya. Albamu ya T.I. ya mwaka 2003, Trap Muzik, hujigamba, lakini kando ya majigambo hayo imo hofu, na yamo majuto. Wengi waliomfuata wameyashika majigambo, wakayatupa majuto. Hapo nalaumu, tena nalaumu kwa sauti kubwa, kwa maana wimbo usimuliao sumu bila ya kuonyesha mnywaji wake ni tangazo la biashara. Lakini lawama hiyo nina haki nayo, kwa kuwa nimesikiliza.

Basi, ndugu mwalimu, mwanafunzi wako anayo nyimbo hizo masikioni tayari. Ukimwambia ni kelele, atakuheshimu kwa mdomo na kukupuuza kwa moyo, na hukumu ataifunzwa na muuzaji. Sikilizeni pamoja albamu moja, mwanzo hadi mwisho. Kisha mwulize, kwa Kiswahili fasaha: umbo lake ni lipi, lasema kweli gani, na lamwacha msikilizaji katika hali gani? Taifa lisilo na maneno ya kupimia sanaa ya wenzake halitaweza kuipima hata ya kwake.