Uvimbe wa Kichwani Ukikatwa, Usitupwe

Vinundu vingi vya ngozi ya kichwa havina madhara; ni vifuko vya mafuta au makovu yaliyotuna. Ndiyo maana mkulima wa mpunga wa Milepa, akiambiwa na kinyozi kuwa ana kinundu utosini, huenda akarudi shambani bila wasiwasi. Mhudumu anayekikata naye hushawishika kukitupa. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Vichache miongoni mwa vinundu hivyo ni dematofibrosakoma, saratani adimu ya tishu laini iliyoelezwa na Darier na Ferrand wa Ufaransa mwaka 1924. Hukua polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu. Ni ngumu ikiguswa, na ngozi iliyo juu yake hubadilika rangi. Ni nadra kusambaa mapafuni, lakini hupeleka pembeni mizizi isiyoonekana kwa macho. Ikikatwa juu juu hurudi, na kila irudipo huweza kuzama zaidi, hata kufikia fuvu.

Tiba yake ni upasuaji mpana: uvimbe huondolewa pamoja na takriban sentimita 2 hadi 3 za ngozi yenye afya kila upande, kingo hupimwa, kisha jeraha hufunikwa kwa ngozi iliyohamishwa kutoka sehemu nyingine. Usipowezekana, kuna mionzi au dawa ya imatinibu. Nafasi bora ya kupona ni upasuaji wa kwanza. Hivyo uvimbe unaotiliwa shaka uchukuliwe kipande kidogo kwanza, usikatwe wote kwa kubahatisha.

Mgonjwa hana haja ya kusafiri kabla ya majibu. Kipande kinaweza kumtangulia. Kiwekwe katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya kipande, chupa iandikwe jina, tarehe na mahali kilipotolewa. Kutoka Milepa hupanda mlima hadi Sumbawanga, na ikibidi kiendelee hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Wapo watakaosema ni gharama. Ni kweli; lakini gharama hiyo ibebwe na halmashauri na bima, kwani nauli ya chupa ni ndogo kuliko ya mgonjwa anayekatwa mara tatu. Hadi hapo, kila mgonjwa aulize kabla ya kutoka chumba cha upasuaji mdogo: "Kipande changu kinapelekwa wapi, na majibu yatatoka lini?"