Mkaa ni wa jiko, si wa meno

Jamani, tuambiane. Wiki hii pekee nimetumiwa video nne za watu wakisugua meno kwa mkaa uliotwangwa na maji ya limau, eti yang'ae. Mbili zimerekodiwa hapa hapa Port Reitz, ule ukuta naujua. Mnapenda, mnasambaza. Kisha walewale mwaja kwenye DM: "Mbona nikinywa maji ya baridi jino lanipiga shoti?"

Lakupiga shoti kwa sababu umejichuna. Jino lina gamba gumu nje, enameli. Chini yake kuna dentini, na dentini ina vijitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Gamba likiliwa, au fizi ikirudi nyuma mzizi ukabaki wazi, basi baridi, moto, utamu na uchachu vyatikisa umajimaji ulio ndani ya vile vijitundu, na mshipa waruka. Enameli huanza kulainika pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Limau liko kwenye 2 na kitu. Kwa hivyo wewe walainisha kwa limau halafu wapiga msasa kwa mkaa! Na enameli ikishaenda haioti tena, si kucha ile.

Kwani hili ni geni? Wazee wetu wana neno lake toka zamani: ukila embe bichi, meno yaingia ganzi. Sasa mtu anajitia ganzi kusudi, na anaweka muziki nyuma.

Siwaambii muache embe la pilipili, wala viazi karai na ukwaju. Mimi mwenyewe siwezi, wallahi. Shida ni kula kichachu kisha kukimbilia mswaki hapo hapo, tena mswaki mgumu kama wa kusugulia sufuria. Suuza kwa maji, ngoja nusu saa, halafu piga mswaki laini polepole. Na nyinyi wa muguka, msijifiche: kinywa kinakauka, mate ndiyo yanayopunguza asidi, na juu yake mwashushia soda kutwa nzima.

Halafu kuna wale wa "ng'oa tu, yaishe." Hawa wananiudhi zaidi kuliko wa mkaa. Jino la ganzi si jino bovu! Mtu ana miaka 20, ana pengo, kwa sababu ya kitu ambacho dawa ya meno ingekituliza. Ganzi ya kawaida huja kali na kupotea kwa sekunde chache. Tafuta dawa ya meno yenye potasiamu naitreti au floridi ya stanasi. Soma nyuma ya boksi, achana na maneno makubwa ya mbele. Tumia asubuhi na usiku, tema bila kusukutua kwa maji mengi, na uipe wiki mbili hadi nne. Ukiipaka siku tatu ukasema haifanyi kazi, hujaijaribu. Ni ghali kuliko ile ya kawaida, hilo silifichi. Jino la bandia je, ni bure?

Karafuu yatuliza kidogo, sawa, lakini haizibi vijitundu, na mafuta yake makali yaunguza fizi.

Ikiwa maumivu yanakaa dakika nzima, yanakuamsha usiku, au shavu limevimba, hiyo si ganzi tena. Usiniandikie mimi, mimi si daktari. Nenda Coast General, wana madaktari wa meno, na muulize kwanza kama jino laweza kuzibwa kabla hujakubali koleo.

Sasa wenzangu wa kamera. Najua mkaa ni rahisi kurekodi: mweusi, kisha meupe, watu wanashangaa. Lakini anayewaiga ni mtoto wa shule Chaani ambaye hana pesa ya kuziba hata jino moja. Zile video ziko juu bado. Zifuteni kabla ya Ijumaa, la sivyo naweka jibu langu kando ya kila moja, na akaunti nazitaja.