Kisu Kidogo Chatosha Kambini



Kila unapokaribia msimu wa karafuu, watu hufunga mizigo ya kwenda kambini: sufuria, majamvi, pakacha, kamba, na panga. Tena panga si moja. Kila mtu ataka lake, na kijana asiye na panga mkononi huambiwa hakujitayarisha. Sisi twaona desturi hii haina faida kubwa, na katika shamba la mikarafuu ina hasara. Rai yetu ni kwamba kila mchumaji mzima achukue kisu kidogo cha kukunja, cha kutia mfukoni, na kambi nzima iwe na panga moja tu.

Tutazame kwanza kazi zenyewe. Kambini twamenya muhogo, twapara samaki, twakata vitunguu, twakata kamba ya kufungia pakacha, twachonga kijiti, twakata embe. Katika kazi hizi hapana hata moja inayotaka chuma cha urefu wa mkono. Kisu kisichozidi kiganja chazimaliza zote, tena kwa usafi zaidi, kwa kuwa panga lililotoka kwenye majani na udongo si la kukatia chakula.

Wako watakaouliza, na kuni je? Kuni za kupikia huokotwa zimekwisha kauka, zikavunjwa kwa mkono au kwa goti. Makumbi na vifuu vya nazi navyo ni moto mzuri. Nazi yenyewe hufuliwa kwa kifuo. Lakini twakubali kwamba dafu lataka panga, na kufyeka njia iliyoota magugu kwataka panga. Ndiyo maana hatukusema panga liachwe nyumbani. Tumesema liwe moja, nalo likae kwa msimamizi wa kambi.

Sasa tuje kwenye mti, maana hapo ndipo penye neno. Mti wa mkarafuu ni mwepesi kuvunjika. Mchumaji mwenye haraka, akiona vishada viko mbali na mkono, hushawishika kuliangusha tawi zima achume akiwa chini. Akiwa na panga, ni pigo moja au mawili, kwisha. Akiwa na kisu kidogo hawezi. Itambidi alivute tawi kwa upembo, polepole, achume, aliachie. Basi udogo wa kisu wenyewe ni ulinzi wa mti.

Wala hasara haiishii kwenye tawi lile. Katika miaka ya 1950 wataalamu F. J. Nutman na F. M. Roberts walichunguza maradhi ya mikarafuu ya visiwa hivi. Miongoni mwa maradhi hayo umo ugonjwa wa kukauka matawi, unaoletwa na kuvu anayeingia kwenye majeraha ya mti. Tawi lililopasuliwa msimu huu ni mlango uliofunguliwa. Na mkarafuu haurudi upesi. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wenye mashamba walipanda upya wakangoja miaka, kwani mche huchukua kiasi cha miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na miaka mingine mingi kabla ya kuzaa sawasawa. Mtu anayeangusha tawi kwa ajili ya pishi mbili za leo amemkatia mwenye shamba mapato ya watoto wake.

Kisu kidogo kina kazi hapa pia. Kitawi kikivunjika kwa bahati mbaya, kikatwe vizuri kwa makali safi, pasiachwe nyuzi zilizochanika. Tawi nene ni kazi ya msumeno. Na kisu kilichokata tawi lenye ugonjwa kisafishwe kabla ya kugusa mti mwingine.

Wala tusidhani kwamba kisu cha mfukoni ni kitu cha mchezo. Huko Uswisi, Karl Elsener alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, na askari wakavichukua milimani. Huko Ufaransa, Joseph Opinel alitengeneza kisu chake chenye mpini wa mti mwaka 1890, nacho wakulima wa milima ya Savoie walikipenda. Mwaka 1955 kikaongezwa pete ya kukifunga kisijikunje juu ya vidole. Kisu kisicho na kifungo kama hicho kisitumiwe kwa kuchoma wala kutoboa, maana hujifunga mkononi.

Kukitunza ni rahisi. Kinolewe kwa kinoo mara kwa mara, maana kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayokata mkono. Kikiguswa na maji ya chumvi kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta ya nazi. Mchumaji akipanda mtini, kiwe kimekunjwa ndani ya mfuko, wala kisirushwe kutoka juu. Na hili latosha kuonyesha kwa nini panga halina ruhusa ya kupanda mti: likiponyoka, chini yake wamo kina mama na watoto wanaookota.

Basi twawaomba wenye mashamba na wasimamizi walitengeneze jambo hili kabla watu hawajaingia kambini, maana mtu akishaparamia mti na panga lake maneno hayafai tena. Wazee wetu hawakusema mwenye kisu kikubwa. Walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.