MASTAA, MALINYI SI UWANJA WA GOFU! ACHENI KIKI ZA VIPIMA UMBALI

Kuna staa mmoja wa mjini, jina libaki kapuni, wenyewe mnamjua. Juzi kati katupia picha mtandaoni: nguo mpya za kijani, upinde wa kisasa wenye kapi begani, mkononi kipima umbali cha leza. Chini kaandika kwamba kinasoma mpaka mita 1,500 na kwamba safari ni Malinyi, "wanyama wajipange." Laiki zikamiminika. Kesho yake muuzaji wa kile kifaa naye akairusha picha ileile, bei juu yake. Kumbe tangazo!

Kulipwa si dhambi, kila mtu anasaka maokoto. Tatizo ni kwamba kile kidude ni cha gofu. Na kuna vijana wanaotaka kuanza kuwinda kwa kibali ambao watakinunua kwa sababu moja tu: staa kakishika.

Darasa fupi kidogo. Kipima umbali kinarusha mwale wa leza, mwale unagonga kitu na kurudi, kifaa kinapiga hesabu ya muda uliotumika. Kwenye gofu mchezaji anataka umbali wa bendera, na nyuma ya bendera kuna miti. Ndiyo maana cha gofu kinapendelea kitu kilicho karibu zaidi. Cha kuwindia kinatakiwa kiweze kufanya kinyume chake: kiruke majani yaliyo mbele, kisome kilichosimama nyuma. Sasa bonde la Kilombero ni nyasi ndefu na matete. Elekeza cha gofu kwa sheshe aliyesimama nyuma ya nyasi, kitakupa umbali wa nyasi, tena bila aibu.

Mtu atasema, mita kumi zina shida gani? Hesabu hii hapa. Mshale unaoruka mita 80 kwa sekunde, ukilengwa kwa umbali wa mita 30 kumbe mnyama yuko mita 40, unafika chini ya ulipolenga kwa kama sentimita 30. Hapo moyo na mapafu sahau. Umepiga mguu, au mshale umepita chini kabisa. Akipigwa mguu, mnyama anaondoka na maumivu yake porini.

Halafu nani anamfuata? Staa? Thubutu! Staa yuko kwenye gari anahariri video. Anayeingia kwenye matete ni kijana wa hapohapo anayesoma nyayo, mbele ya mwindaji bingwa, na kama aliyejeruhiwa ni nyati, kijana anajua kabisa kwamba nyati wa namna hiyo anaweza kujificha na kumsubiri. Huyo kijana hana wafuasi laki tatu. Ana familia inayomsubiri nyumbani. Kiki ya mtu mmoja inaweza kuwa msiba wa mwingine.

Na ile mita 1,500 inayotangazwa kwa mbwembwe? Namba kubwa ya kwenye boksi kwa kawaida ni ya kitu kinachong'aa, kama bati au kibao cha barabarani. Kwa mnyama mwenye manyoya inaweza kushuka mpaka nusu au chini ya hapo. Isitoshe, kwa upinde nani anapiga mita 1,500? Hata Olimpiki shabaha iko mita 70, na shabaha yenyewe haikimbii.

Cha kuuliza dukani ni kama kifaa kitadumu. Kiangazi, njia ya kutoka Ifakara kupita Lupiro mpaka Malinyi ni vumbi la kula na kijiko. Masika, bonde linajaa maji. Si bure liliingizwa kwenye orodha ya ardhi oevu za Ramsar mwaka 2002. Kifaa chenye alama ya IPX4 kinavumilia matone ya kurushiwa tu. Chenye IPX7 kimepimwa kwa kuzamishwa mita moja ndani ya maji kwa dakika 30. Hapo kuna tofauti kubwa kuliko mita zote za kwenye boksi.

Uliza pia kama ndani kimejazwa gesi ya naitrojeni, maana asubuhi yenye ukungu kioo kisichokuwa nayo kinaweza kufanya mvuke kwa ndani, na hapo hakuna kitambaa kitakachosaidia. Uliza rangi ya namba: namba nyeusi juu ya nyati mweusi jioni hazisomeki, nyekundu zinazowaka zinasomeka. Kama utapiga kutoka juu ya mti, hakikisha kinarekebisha umbali kwa mwinamo. Na betri: vingi vinatumia CR2, hiyo usitegemee kuikuta duka la kijijini. Beba za akiba.

Mashabiki watakuja juu: "Mbona babu zetu waliwinda bila leza?" Ni kweli. Lakini babu alinyata mpaka akasogea karibu, na akiona mbali aliacha. Hakuna babu aliyeachia mshale kwa sababu kidude cha mkopo kimemwambia apige. Leza haimfanyi mtu awe mwindaji. Inamsaidia aliyekwishajifunza, na kazi yake kubwa ni kumwambia "usipige, ni mbali."

La mwisho, wasanii wetu mlielewe: kifaa si kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na haijali kama umeshika bunduki, upinde au mkuki. Anayewahamasisha vijana waende porini na vifaa bila kutaja leseni hata kwa neno moja, anawapeleka mahakamani huku yeye akihesabu hela za tangazo.

Kwa hiyo staa wetu, ukitaka kutangaza cha gofu, nenda kwenye uwanja wa gofu, nyasi zake fupi na hakuna nyati. Ukitaka kutangaza cha Malinyi, kwanza kizamishe kwenye ndoo ya maji nusu saa, laivu, watu waone. Kikiwaka, hapo tutaje bei.

Wadau, mnasemaje? Staa kakosea au watu wana wivu tu? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.