Mwalimu wa Kiingereza Asichague Chuo kwa Jina

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, vijana wetu wa Ruvuma huanza kuomba nafasi vyuoni. Wapo wanaokusudia kuwa walimu wa Kiingereza. Azma hiyo ni njema, lakini uchaguzi wa masomo usifanywe kwa kufuata sifa ya chuo au mkumbo wa marafiki.

Mtoto wa Nalasi, karibu na mpaka wa Msumbiji, aghalabu huanza na Kiyao nyumbani. Shuleni hukuta Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Aingiapo Kidato cha Kwanza, Hisabati na Biolojia humjia kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Mzigo ukabaki mabegani mwa mwalimu wa Kiingereza, na ungali hapo hata leo.

Kwa hiyo tunawashauri waombaji waulize mambo matatu. Kwanza, je, masomo hayo yana mbinu za kumfundisha mtu lugha isiyo yake, au ni sarufi na fasihi tu? Pili, mazoezi ya kufundisha ni ya muda gani, na katika shule za namna gani? Aliyezoea darasa dogo lenye vitabu tele atababaika mbele ya darasa lililofurika. Tatu, je, shahada hiyo inatambuliwa na TCU, au stashahada hiyo na NACTVET? Cheti cha ng'ambo kama CELTA cha Cambridge, kinachochukua wiki nne hivi, humwongezea mwalimu ujuzi, lakini hakishiki nafasi ya mafunzo kamili ya ualimu.

Vyuo navyo visikwepe wajibu wao. Viwapeleke wanachuo vijijini kwa mazoezi, na halmashauri ziwasaidie kupata malazi. Mtoto asiyeelewa lugha ya mtihani huandikiwa kwamba ameshindwa somo. Hiyo ni hasara ya Taifa, na mwalimu aliyeandaliwa vyema anaweza kuipunguza.